Mwalimu Msomaji: Maisha ya Julius Nyerere na Vitabu vya Ujamaa

Kila inapofika tarehe 9 Desemba tunatundika picha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere ukutani, sherehe iwe Louisville, Columbus au Buffalo. Watoto wetu wanamjua kwa sura: mvi, tabasamu, kifimbo mkononi. Wanajua kuwa ndiye Baba wa Taifa na kwamba alituongoza kupata uhuru mwaka 1961. Jambo ambalo wengi wao hawajasimuliwa ni kwamba Mwalimu alikuwa msomaji mkubwa wa vitabu, na kwamba ujamaa wake ulitokana na mambo mawili: alichokisoma na alichokiona kwao Butiama.

Kamati ya gazeti imeamua kusimulia maisha yake kwa upande huo mwaka huu, na sababu tunayo. Vijana wetu walioingia chuo kikuu wanarudi nyumbani na maswali. Darasani wamesikia neno ujamaa. Mhadhiri mmoja analisifu, mwingine analitaja kama mfano wa uchumi ulioshindwa. Wakiwauliza wazee, mmoja anawaambia kuwa ujamaa ndio uliomsomesha bure mpaka akafika alipofika. Mwingine anawaambia kuwa ujamaa ndio uliomwondoa babu yao kwenye shamba lake la migomba. Wote wawili wanasema kweli. Kijana anabaki katikati, na akienda kutafuta kitabu hajui aanze na kipi.

Ndiyo maana mwishoni mwa makala haya tumeweka maelezo ya orodha ya vitabu ambayo miji yetu mitatu imekuwa ikipeana. Lakini tuanze na mwenyewe.

Mtoto wa Butiama

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 Butiama, mashariki mwa Ziwa Victoria, si mbali na Musoma. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Kambarage alichunga mbuzi kama watoto wengine, na alikuwa na miaka 12 alipoanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Watoto wetu wa hapa wakifika umri huo wako darasa la sita au la saba. Tunawataja makusudi, kwa sababu wapo wanajumuiya wetu waliofika Marekani wakiwa wakubwa, wakaanza kusoma kwa kuchelewa, wakadhani wameshapitwa.

Mwaka 1937 alikwenda shule ya serikali ya Tabora, iliyoendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Uingereza. Mwaka 1943 alibatizwa Mkatoliki kwa jina la Julius, na mwaka huohuo akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Huko aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Alikuwa amemsoma John Stuart Mill, mwanafalsafa na mwanauchumi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyetetea usawa wa wanawake. Nyerere alichukua hoja za Mill akazipima kwa maisha ya akina mama wa Kizanaki, na miongoni mwao alikuwamo mama yake mzazi.

Tunawaomba vijana waitazame sana insha hiyo, kwa sababu tabia aliyoianza pale hakuiacha tena. Alisoma kitabu cha mbali, akakirudisha nyumbani, akauliza kama kinasema kweli kuhusu watu anaowajua. Akikuta kinasema kweli alikitumia, na akikuta sivyo alikibishia.

Alirudi Tabora mwaka 1946 kufundisha shule ya St. Mary's. Uchumi alianza kuufahamu dukani kabla ya chuoni. Kwa muda alifanya kazi ya kukagua bei madukani, akaiacha alipoona taarifa zake hazishughulikiwi. Yeye na wenzake wa chama cha TAA pale Tabora walifungua duka la ushirika la kuuza mahitaji ya kila siku kama sukari, unga na sabuni. Mtu aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la ushirika anajua mambo ambayo msomaji wa vitabu peke yake hayajui, likiwamo lile la mteja anayekopa na kusahau njia ya kurudi.

Miaka ya Edinburgh

Mwaka 1949 Nyerere alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Wamisionari Wakatoliki walimsaidia njiani, na mmoja wao alikuwa Padri Richard Walsh wa shirika la White Fathers. Alichagua shahada ya sanaa. Alisoma historia, fasihi ya Kiingereza, anthropolojia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili na uchumi wa siasa, akamaliza mwaka 1952.

Profesa wa uchumi wa siasa pale Edinburgh wakati huo alikuwa Alexander Gray. Mwaka 1946 Gray alikuwa ametoa kitabu kinene kinachofuatilia fikra za kijamaa tangu Musa wa kwenye Biblia hadi Lenin. Gray mwenyewe hakuwa mjamaa, na kitabu chake kinawakosoa wajamaa ukurasa kwa ukurasa. Profesa wa falsafa ya maadili alikuwa John Macmurray, aliyefundisha kwamba mtu huwa mtu kwa uhusiano wake na watu wengine. Kijana aliyekulia kwenye boma la Butiama hakuhitaji kutafsiriwa fundisho hilo. Nje ya darasa alikutana na maandishi ya wajamaa wa Kifabiani, ambao waliamini kuwa jamii inaweza kugeuzwa hatua kwa hatua kwa sheria na hoja, bila kumwaga damu.

Na dirishani alikuwa na somo jingine. Uingereza ya miaka ile ilitawaliwa na chama cha Labour. Migodi ya makaa ya mawe na reli zilikuwa zimetaifishwa, na tangu mwaka 1948 watu walitibiwa bila kulipa mlangoni mwa hospitali. Vita vilikuwa vimeisha, lakini baadhi ya vyakula bado vilipatikana kwa mgao. Kwa hiyo Nyerere aliuona ujamaa wa Ulaya ukiwa kazini, faida zake na foleni zake, kabla hajaandika neno lolote juu ya ujamaa wa kwetu.

Alirudi Tanganyika, akaoa Maria Gabriel Magige mwaka 1953, akafundisha St. Francis' College, Pugu. Mwaka huohuo alichaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuka TANU. Machi 1955 aliacha ualimu, kwa kuwa hakuweza kushika chaki na chama kwa pamoja. Mengine ya njia ya uhuru wazee wetu huyasimulia kila mwaka jukwaani, nasi hapa tunayapita.

Neno lenyewe

Wiki 6 tu baada ya uhuru, Januari 1962, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa. Alitaka kukijenga chama na kupata nafasi ya kufikiri. Tunda la miezi hiyo ni kijitabu cha Aprili 1962 juu ya ujamaa kama msingi wa usoshalisti wa Afrika.

Hoja yake kwa ufupi ni hii. Ujamaa ni tabia ya moyo kabla haujawa mpango wa serikali. Tajiri anaweza kuwa na moyo wa kijamaa, na maskini anaweza kuwa na moyo wa kibepari. Jamaa za zamani zilifanya kazi pamoja na kugawana, ardhi haikuwa bidhaa ya kuuzwa, na mvivu hakuwa na mahali. Hapo aliikumbusha ile methali ya mgeni ambaye siku ya tatu hupewa jembe. Alikataa kuanzia pale wanapoanzia wafuasi wa Marx, yaani kwenye vita vya matabaka, kwa sababu aliona kuwa Afrika ina njia yake ya kufikia hukohuko.

Vijana watambue kuwa hapa tayari alikuwa akibishana na vitabu. Na watambue pia kuwa wengine walimbishia yeye. Walisema jamaa za zamani zilikuwa na watumwa na mabwana, na kwamba kazi ngumu iliwaangukia wanawake. Hilo la wanawake Mwalimu mwenyewe alilikubali. Katika andiko lake la mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini aliutaja unyonge wa wanawake, pamoja na umaskini, kuwa kasoro za jamii ya zamani zinazopaswa kuondolewa. Insha ya Makerere ilikuwa bado inaishi ndani yake.

Lugha nayo aliitengenezea njia. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Neno bepari zamani lilimaanisha mfanyabiashara mkubwa. Kwa msomaji wa mwaka 1969 lilikuwa limeshabeba maana ya mtu anayeishi kwa jasho la wengine. Rais wa nchi alikaa usiku akitafuta neno la Kiswahili la kumfaa Shakespeare, na neno alilolipata likawa pia la darasa la siasa.

Arusha

Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa Dar es Salaam. Mabenki yalitaifishwa mara moja, kisha bima, viwanda vikubwa vya kusaga nafaka na makampuni makubwa ya biashara ya nje. Viongozi walikatazwa kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni au nyumba za kupangisha. Machi mwaka huo likatoka andiko la Elimu ya Kujitegemea, na Septemba lile la Ujamaa Vijijini.

Katika mwaka huohuo, tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu aliadhimisha sikukuu ya uhuru kwa kufungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Sisi tunaosherehekea tarehe hiyo kwa pilau na muziki tungefanya vizuri kukumbuka kwamba kuna mwaka iliadhimishwa kwa kufungua nyumba ya vitabu.

Azimio lina sura mbili katika jumuiya yetu. Wapo ambao wazazi wao walipata kazi ya kwanza ya maana katika benki au kiwanda cha umma. Wapo pia jamaa zetu wenye asili ya Asia na Uarabuni ambao majumba ya kupangisha ya wazazi wao yalichukuliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1971, kisha wakahama. Leo wote wanakaa meza moja kwenye sherehe hii, na wote wanaliita Azimio historia yao.

Ubishi wa Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoko Mlimani, kilikuwa katika miaka hiyo mahali pa kusoma uchumi wa kijamaa pasipo mfano Afrika Mashariki. Mwaka 1967 wanafunzi walianzisha umoja wa kimapinduzi wa wanafunzi wa Afrika, uliojulikana kwa kifupi cha USARF, na Yoweri Museveni wa Uganda akawa mwenyekiti wake. Walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili, nje ya ratiba ya chuo. Walipeana orodha ya vitabu: Marx, Lenin, Fanon, Nkrumah, pamoja na Wamarekani Paul Baran na Paul Sweezy. Nakala zilikuwa chache, kwa hiyo walisoma kwa zamu, kisha wakakutana kubishana. Walter Rodney wa Guyana, mhadhiri wa historia, alikuwa nao. Kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma kilitoka mwaka 1972 kwa ushirikiano wa nyumba ya vitabu ya London na Tanzania Publishing House.

Wanafunzi hao walikuwa na jarida lao, Cheche, lililoanza mwaka 1969. Issa Shivji, kijana wa sheria, aliandika humo mwaka 1970 kwamba Tanzania ina mapambano ya matabaka yanayoendelea kimyakimya, na kwamba kutaifisha makampuni hakujawapa wafanyakazi madaraka. Ilikuwa hoja iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye moyo wa fikra za Mwalimu. Mwishoni mwa mwaka huo serikali iliifunga USARF, na Cheche ikafa nayo. Baadaye vijana wa TANU wa chuoni walianza jarida jingine, MajiMaji, na ubishi ukaendelea chini ya paa la chama.

Hapa hatumtetei Mwalimu. Mtu aliyejijenga kwa kubishana na vitabu hakuvumilia kila wakati kubishiwa na vijana wake. Nchi yake pia ilikuwa na sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa waziri wake na mmoja wa watu waliousoma uchumi wa kijamaa kwa undani zaidi nchini, alikaa kizuizini tangu mwaka 1972 hadi 1978. Babu aliandika kitabu chake akiwa humo gerezani. Kilitoka mwaka 1981, na kinaukosoa ujamaa wa Mwalimu kutoka upande wa kushoto. Tumekiweka kwenye orodha yetu.

Kisomo

Wakati chuoni wakibishana juu ya Marx, vijijini watu walikuwa wakijifunza a-e-i-o-u. Mwaka 1967 zaidi ya theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Madarasa ya kisomo yalifanyika chini ya miembe, kwenye maghala na makanisani. Wanafunzi wa shule na wanakijiji waliojua kusoma waliwafundisha wazazi wao. Redio ilisaidia: kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975, ziliwakusanya watu kwa vikundi wasikilize, wasome kitini na wajadili. Kanda ya Ziwa ilikuwa na gazeti la vijijini liitwalo Elimu Haina Mwisho. Kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kuwa wasiojua kusoma wamebaki takriban asilimia 10.

Bibi zetu wengi ni wa madarasa hayo. Kama bibi yako aliweza kusoma barua uliyomtumia kutoka Marekani bila kumwita jirani, basi kisomo kimekufikia hata wewe uliyezaliwa Kentucky au Ohio.

Vijiji

Sura ngumu ni hii. Andiko la Ujamaa Vijijini lilisema watu waingie vijiji vya ujamaa kwa hiari. Mfano ulikuwapo: Litowa na vijiji vingine vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambako wakulima kama Ntimbanjayo Millinga na wenzake waliishi, kulima na kuamua mambo yao pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwalimu aliwapenda. Lakini wakubwa wa chama hawakupendezwa na wakulima wasiosubiri amri, na Septemba 1969 chama chao kilipigwa marufuku.

Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni lazima na kuwa kazi iishe ndani ya mwaka 1976. Ndiyo Operesheni Vijiji. Watu zaidi ya milioni 10 walijikuta katika vijiji vilivyoandikishwa. Mahali pengine watu walihama kwa amani wakapata shule, zahanati na bomba la maji. Mahali pengine walipakiwa kwenye malori, nyumba zao zikachomwa ili wasirudi, wakashushwa kwenye pori lisilo na kisima. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 na kupanda kwa bei ya mafuta vilikuja wakati huohuo, na nchi ikalazimika kununua mahindi nje. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa, mkulima akabaki na shirika la serikali lililochelewa kumlipa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, kisha vikaja vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Wanaokumbuka foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kusimuliwa.

Kwa hiyo kijana akisikia mtu mmoja akisema ujamaa ulishindwa kwa sababu ya ukame na vita, na mwingine akisema ulishindwa kwa sababu ya amri za kutoka juu, asichague haraka. Asome pande zote. Jambo hili lina hesabu zake, lina mashahidi wake, na baadhi ya mashahidi hao wamekaa hapa ukumbini wakisubiri chakula.

Kung'atuka

Mwaka 1985 Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake, jambo lililokuwa nadra Afrika, na akalipa Kiswahili neno kung'atuka kutoka Kizanaki. Kabla ya hapo, mwaka 1984, alikuwa amekiri hadharani kuwa kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Aliendelea kuwa mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Aliongoza Tume ya Kusini, iliyotoa taarifa yake mwaka 1990 juu ya uchumi wa nchi maskini. Siku zake nyingine alizitumia Butiama akilima, akisoma na kuandika. Maktaba yake ya nyumbani ilijaa vitabu, na mwaka 1996 zilitoka tenzi zake za Biblia kwa Kiswahili.

Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St. Thomas', London, kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Watoto wetu wengi walizaliwa baada ya siku hiyo.

Rafu ya miji mitatu

Orodha yetu ya vitabu ilianza kwa ukurasa mmoja. Leo inazunguka Louisville, Columbus na Buffalo, na vitabu vyenyewe husafiri kwenye buti za magari yanayokwenda harusini na msibani. Kutoka Louisville hadi Columbus ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi, na kutoka Columbus hadi Buffalo ni saa tano. Mfuko wa vitabu haulipi nauli.

Orodha ina vitabu vya Mwalimu mwenyewe, yaani mikusanyo ya hotuba na maandishi yake: Uhuru na Umoja, Uhuru na Ujamaa, Uhuru na Maendeleo. Ina wanaombishia kutoka kushoto, yaani Babu na Shivji. Ina Andrew Coulson, aliyeandika uchumi wa Tanzania kwa takwimu, na Goran Hyden, aliyeeleza kwa nini mkulima mdogo aliweza kuikwepa serikali. Ina maisha ya Mwalimu katika majuzuu matatu yaliyotolewa mwaka 2020 na Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Na kwa wasiopenda takwimu ina riwaya za Euphrase Kezilahabi, hasa Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, inayoonyesha Operesheni Vijiji kwa macho ya wanakijiji. Wazazi waliosoma Kezilahabi shuleni wanaweza kuisoma tena pamoja na watoto wao. Kiswahili chake kitawanyoosha wote.

Kuvipata si kazi ngumu. Kadi ya maktaba ya umma ni bure kwa mkazi katika miji yote mitatu. Kitabu kisipokuwapo mjini kwako, mwombe mkutubi akiagize kutoka maktaba nyingine. Huduma hiyo ipo, na vitabu vingi kuhusu Tanzania hulala kwenye vyuo vikuu vikisubiri mtu avitaje. Wa Columbus wana Chuo Kikuu cha Ohio State, kinachofundisha Kiswahili. Wa Buffalo wana maktaba kuu ya mjini, pale Lafayette Square. Wa Louisville wana jambo la kujivunia zaidi: Maktaba ya Western, iliyoanza mwaka 1905 na kupata jengo lake mwaka 1908, ndiyo ya kwanza ya umma nchini Marekani kuhudumia watu weusi na kuendeshwa na watu weusi wenyewe, chini ya Thomas Fountain Blue. Wakati ule sheria za ubaguzi ziliwazuia kuingia kwenye maktaba za wazungu, nao wakajijengea yao. Kijana anayeazima kitabu cha Mwalimu pale anakaa kwenye kiti chenye historia yake.

Tumejiwekea taratibu tatu. Ya kwanza, anayeongeza kitabu kinachousifu ujamaa aongeze na kinachoukosoa, na anayeukosoa afanye vivyo hivyo. Ya pili, ukimaliza kitabu andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili kumweleza msomaji anayefuata umekubali nini na umekataa nini. Ya tatu, kabla ya kukirudisha, muulize mzee mmoja wa jumuiya alikuwa wapi wakati mambo hayo yakitokea. Wamo waliozaliwa Songea, Bukoba, Unguja na Kariakoo. Wamo ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliolelewa kwenye kambi za Kigoma kama Nyarugusu, ambao Tanzania waliijua kama nchi iliyowafungulia mlango, na wana ya kusema juu ya nchi aliyoijenga Mwalimu.

Mwaka huu tunaomba kila mji ulete vitabu viwili vipya kwa orodha na kurasa walizoandika vijana wake. Zitawekwa mezani siku ya sherehe, karibu na mlango, zisomwe na kila anayeingia. Anayetaka kuazima aandike jina lake kwenye daftari litakalokuwa hapo.

Tunawatakia nyote, wakubwa kwa wadogo, Sikukuu njema ya Uhuru.